Hesabu ibalansi kwanza, kulala baadaye: venye kura inashikwa na kuhesabiwa kituoni

Watu wameanza kuniuliza mapema hii maneno ya kazi ya uchaguzi, juu uchaguzi wa 10 Agosti 2027 si mbali, na tume ya uchaguzi ikitangaza tu nafasi za makarani hapa Kisumu kila mtu atatuma ombi, mwalimu wa nasari, fundi wa simu pale Kibuye, na yule kijana wa diploma anakaa tu kwao Manyatta akingoja kitu itokee. 2017 nilikuwa karani, 2022 nikawa ajenti wa mgombea, kwa hivyo hiyo meza nimeikalia pande zote mbili. Kitu nilitoka nayo ni moja. Karatasi zilizoingia kituoni lazima zilingane na zile zilizotumika, zilizoharibika na zilizobaki, na hiyo hesabu ifanywe hapo hapo mezani ajenti wakiwa macho, kabla mtu yeyote aanze kutafuta boda ya kwenda nyumbani. Wengi hukesha nje ya geti wakiimba ati wanalinda kura na ndani ajenti wao amelala kwa dawati tangu saa tano usiku.

Tuanze na jioni ya kabla. Vifaa vinaletwa kituoni na gari, na polisi, na wewe PO, yaani msimamizi wa kituo, au naibu wako unaweka sahihi kwamba umevipokea. Hapo kwa sahihi ndio watu hufanya haraka. Usiweke sahihi kwa kitu hujahesabu. Hesabu vitabu vya karatasi za kura, andika namba ya kwanza na ya mwisho ya kila kitabu, na uangalie kama ziko sawa na zile zimeandikwa kwa orodha yako. Kuna kura sita na kila moja na rangi yake, nyeupe ya rais, bluu ya gavana, njano ya seneta, kijani ya mbunge, zambarau ya mwakilishi wa kike na kahawia ya MCA, yaani mwakilishi wa wadi, na kifuniko cha sanduku kinafuata rangi ya karatasi. Alafu mkifungua pakiti mbele ya ajenti, soma majina ya wagombea. Usicheke, hii si mzaha. 2022 watu wa Kakamega hawakuchagua gavana siku moja na sisi, na Rongai kule Nakuru hawakuchagua mbunge, juu karatasi zilikuja na makosa, wakarudi kwa foleni 29 Agosti. Kama kosa linaweza kusafiri kutoka kiwandani Ugiriki mpaka kijijini bila mtu kuliona, wewe ndio jicho la mwisho, kwa hivyo fungua hayo macho.

Chaji mashine ya KIEMS, ile ya kutambua wapiga kura na kutuma matokeo, mpaka ijae. Agosti huku mvua ya jioni ikinyesha stima inaenda nayo, na taa za sola za kituo ni vizuri uziwashe usiku huo uone kama zinawaka kweli.

Asubuhi

Kituo kinafunguliwa saa kumi na mbili kamili, so kufika saa kumi na moja si mapema, ni wakati. Ajenti wanaingia na barua zao na kiapo cha kutunza siri, PO anaangalia majina, mmoja tu kwa kila mgombea au chama ndani ya chumba kwa wakati mmoja. Kisha masanduku. Ni ya plastiki ya kuona ndani lakini usitosheke na hiyo, geuza sanduku chini juu, ligonge, mwache ajenti aingize mkono akitaka. Ukishafunga na zile sili za plastiki zenye namba, soma namba kwa sauti, pole pole, na kila ajenti aandike kwa daftari yake huku PO akiandika kwa kitabu cha kituo. Ajenti ambaye hajaandika namba za sili asubuhi, usiku atalinganisha na nini? Atabaki kusema "nilikuwa nimeona ni kama ilikuwa hivyo" na hiyo haimsaidii mtu.

Ajenti, beba vitu vyako: daftari, biro mbili, kalkuleta ndogo ile ya duka, tochi, sweta, maji na chakula. Chakula hasa. Nimeona ajenti anaalikwa nje "aonje chai kidogo" na mtu hamjui, akirudi amekosa nusu saa. Mimi nilibeba nyoyo, mahindi na maharagwe kwa kontena, nikala nikiwa nimeangalia masanduku.

Mchana wakati wa kupiga kura

Sitamaliza siku kueleza kila kitu hapa juu mchana mambo mengi huenda yenyewe, mtu anaweka kidole, mashine inamtambua, anapewa karatasi sita, anapakwa wino, anaenda. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700 kwa sheria, so foleni husonga. Mashine ikikataa kidole cha mtu, na itakataa, sana sana wazee wa shamba na mama wa kuuza samaki wenye vidole vimechakaa, kuna utaratibu wake na fomu ya 32A, na ajenti waone mtu akiandikwa hapo. Usimpitishe mtu juu unamjua kwao.

Angalia muhuri. Karani anapaswa kupiga muhuri nyuma ya karatasi kabla ampee mpiga kura, na saa nane mchana kukiwa na joto la Kisumu unajua venye karani anaanza kusahau. Karatasi isiyo na alama rasmi usiku ni ubishi, na aliyeipiga hana makosa yoyote.

Mtu akiharibu karatasi kabla hajaitumbukiza, mfano ameweka alama kwa mtu asiyetaka, anairudisha na anapewa ingine. Ile ya kwanza inafutwa na kuwekwa kando kwa bahasha yake. Hiyo ndio tunaita iliyoharibika, na ni tofauti kabisa na kura iliyokataliwa, ambayo ilishaingia kwa sanduku. Watu huchanganya hizi mbili na ndio maana hesabu zao hukataa kuingiana. Isitupwe kwa pipa, isibaki kwa dirisha. Na mzee asiyeona au asiyejua kusoma anakuja na mtu wake wa kumsaidia, huyo msaidizi anasaidia mtu mmoja tu siku hiyo, si ati kijana mmoja anazunguka na wazee kumi. Akikosa mtu, PO ndio anamsaidia na ajenti wanaona.

Tabia yangu moja ambayo hakuna mtu alinifunza: kila saa naandika namba ya waliotambuliwa na mashine pamoja na karatasi za rais zilizobaki kwa vitabu. Zikianza kukataa kuingiana saa nne asubuhi unatafuta kosa la lisaa limoja tu. Ukingoja usiku unatafuta kosa la siku nzima.

Saa kumi na moja jioni

Muda ukifika, aliye kwa foleni atapiga kura hata kama ni saa mbili usiku. Mweke polisi nyuma ya mtu wa mwisho, mambo yaishe. Baada ya huyo mwisho, ziba tundu za masanduku yote na ushike breki, juu hapa ndio watu hukosea zaidi. Kila mtu anataka kufungua sanduku la rais, nje kuna simu zinalia, redio zinasema, hata PO mwenyewe ana hamu. Usifungue. Kwanza hesabu vile vitu ambavyo havimo ndani ya sanduku.

Nitaweka mfano wa namba ndio tuelewane. Tuseme kituo kilipokea karatasi 700 za rais. Zilizobaki kwa vitabu, ukihesabu moja moja, ni 166. Zilizoharibika zikarudishwa ni 3. Basi ndani ya sanduku unatarajia 531, juu 531 na 3 na 166 ni 700. Alafu angalia mashine, imetambua watu wangapi? Ikiwa ni 531 pia, na vile vipande vinavyobaki kwa kitabu baada ya kukata karatasi ni 534, yaani hizo 531 pamoja na zile 3, una bahati, unaweza kupumua. Andika namba zote, ajenti waandike, funga zile zisizotumika kwa bahasha na uzisogeze mbali na meza. Sasa sanduku linafunguliwa na tayari kila mtu chumbani anajua ni ngapi zinafaa kutoka, na mtu akitaka kuongeza ishirini hana mahali pa kuziweka.

Rais ndio anahesabiwa kwanza. Meza kubwa, au madawati ya darasa yaliyounganishwa, taa juu, chai na soda mbali kabisa. Wale wanaoshika karatasi wasiwe na biro mkononi, hata sikioni. Na yule karani aliyekuwa anapaka wino watu siku nzima asishike kura, au aoshe mikono mpaka ikauke, juu doa la wino kwa karatasi ya mtu linaanzisha kesi ambayo haikuwa.

Mwaga zote mezani, ligeuze sanduku liwe tupu na mlione, zinyooshe, na mhesabu jumla bila kujali majina. Sisi 2017 tulipata 412 na mashine ilisema 413. Ajenti mmoja alishasimama, mwingine ameshaandika ujumbe kwa simu, na PO wetu, mwalimu mtulivu sana wa shule ya msingi, akasema tu, "Wanangu, kaeni, tuanze tena." Tukaanza tena. Zilikuwa karatasi mbili zimegandana kwa unyevu wa mikono, mvua ilikuwa imenyesha watu wakija wamelowa. Dakika kumi na tano ndio zilituokoa na fujo ya wiki. Kura moja ikipotea pia inaweza kuwa imetumbukizwa kwa sanduku la rangi ingine, so usipige kelele kabla hujaangalia, na usinyamaze pia, iandikwe.

Baada ya jumla kukubali, PO anainua karatasi moja moja. Anaonyesha mbele, anaonyesha nyuma, anataja jina, anaipeana kwa karani wa hilo fungu. Moja moja. Usiku wa manane mtu atakuambia "hizi zote ni za huyu, weka tu," na hapo ndio unakataa kwa adabu. Mafungu yakikuwa, fungeni hamsini hamsini na rababendi, na karani mwingine, si yule wa kwanza, ahesabu tena kila bando.

Kura gani inakataliwa? Ile haina alama yoyote. Ile imechagua watu wawili kwa kiti kimoja. Ile haina alama rasmi za usalama, au namba yake si ya vitabu vya hicho kituo. Na ile huwezi jua kabisa huyu mtu alitaka nani. Lakini sikiza vizuri: mtu akiweka tiki badala ya mkasi (X), au alama ikiwa nje ya kisanduku kidogo lakini iko waziwazi kwa mgombea mmoja, hiyo ni kura. Sheria inaangalia nia yake. Tulikuwa na moja, nafikiri ni ya mzee mwenye mkono wa kutetemeka, mstari umeanza kwa mgombea wa pili ukagusa kidogo tu mpaka wa wa tatu, tukabishana dakika ishirini na usingizi wote ukaisha. PO ndio anaamua. Ajenti hapendi, anapinga, na PO anaandika kwa hiyo karatasi kwamba uamuzi umepingwa, inawekwa kando na zingine kama hiyo. Kupinga hivyo kunakuwa na uzito kortini. Kuvuta karatasi kutoka mikononi mwa PO kunakuwa na pingu.

Stima ikipotea, na ilipotea kwetu saa tatu usiku, kuna sheria ya kienyeji ambayo naipenda: kila mtu mikono juu, hakuna kusogea, PO anaweka mikono yake juu ya mafungu mpaka taa ya sola iwake. Ilichukua kama sekunde kumi hivi, na watu walikuwa wanacheka, lakini hakuna mtu alitoka hapo akisema kitu kilibadilishwa gizani.

Ajenti ana haki ya kuomba kuhesabu upya, mwisho mara mbili. Itumie ukiwa na sababu, kama tofauti ya jumla au bando lililoanguka. Ukiiomba juu tu mtu wako ameshindwa, ukipata sababu ya kweli baadaye utakuwa umeimaliza.

Fomu

Fomu ya rais ni 34A, ya mbunge 35A, MCA 36A, gavana 37A, seneta 38A, mwakilishi wa kike 39A. Usijaze moja kwa moja. Andika kwa karatasi ya kawaida kwanza, jumlisha na kalkuleta, mpe ajenti mmoja ajumlishe na yeye pia kwa sauti. Turudi kwa mfano wetu: 301, 214, 6 na 3 zinafanya halali 524, ongeza zilizokataliwa 7, unapata 531. Isipofika 531 fomu isiguswe. Andika moja yako isifanane na saba, usingizini watu huandika 1 yenye kofia na kesho huko mbele inasomwa 7, hapo mgombea ameongezewa kura sita na hakuna mwizi. Na ukikosea usipake waiti-auti, kata kwa mstari mmoja, andika namba sahihi kando, weka sahihi, ajenti waone.

Ajenti wanaweka sahihi na kila mmoja anapewa nakala. Anayekataa kuweka sahihi anaandika sababu, lakini ajue kukataa kwake peke yake hakufuti matokeo, hata kutoroka nyumbani hakufuti. PO anatangaza kwa sauti na anabandika nakala mlangoni. Hiyo ya mlangoni ipigwe picha mapema kabla upepo wa ziwa uitembelee.

Kwa nini nasumbua na karatasi moja hivi? 2017 Mahakama ya Rufaa kwa kesi ya Maina Kiai ilisema matokeo yaliyotangazwa huku chini ni ya mwisho, Nairobi haiwezi kuyabadilisha. Mwaka huo huo, 1 Septemba, Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais, na fomu na venye zilitumwa zilikuwa katikati ya hiyo kesi. Ndio 2022 tume ikaweka picha za 34A kwa mtandao, vituo 46,229, na mtu yeyote wa Kondele mwenye bando alikuwa anajumlisha mwenyewe kwa kibanda cha chapati. So ile picha unapiga na KIEMS iwe ya ukurasa mzima, kona zote nne, mahali pana mwanga, kidole chako kisiwe kwa namba. Ajenti alinganishe inayotumwa na iliyo mkononi mwake kabla haijaenda. Mtandao ukikosa, mnasogea nao pamoja, PO, polisi na ajenti, mpaka mahali iko. PO asipande kilima peke yake na mashine.

Kufunga na kusafirisha

Baada ya kila kiti, kura halali zinarudi kwa sanduku lake, zilizokataliwa kwa bahasha yake, zilizoharibika na zisizotumika vilevile, na sili mpya zinafungwa, namba zinasomwa tena kama asubuhi. Ajenti akitaka kuweka sili yake juu, aweke. Nyaraka hizi zinatunzwa miaka 3, na kesi ya mbunge au gavana au MCA inaweza kupelekwa kortini ndani ya siku 28 tangu matokeo yatangazwe, ya rais siku 7 tu na korti inaamua kwa siku 14, kwa hivyo sanduku ulilofunga na usingizi saa kumi alfajiri linaweza kufunguliwa mbele ya hakimu na mawakili wa suti. Gari likienda kwa msimamizi wa eneo bunge, ajenti wanaweza kulifuata. Lisisimame kununua samaki Ahero hata kama dereva ana njaa. Mkifika, PO anakabidhi fomu na masanduku na anaondoka na karatasi ya kuonyesha amekabidhi. Asiondoke bila hiyo.

Malipo sitasema sana. Chama kimoja bado kina deni langu la 2022.

Na nakala zako za fomu, wewe ajenti, ziweke kwa plastiki ndani ya begi, si mfukoni mwa suruali. Mimi zangu nilifua nazo Jumamosi. Ya rais niliitoa tena kwa mtandao wa tume. Za viti vingine vitano zilibaki uji kwa karai, na mgombea wangu alikuwa anapiga simu akiziulizia.